Maji ya Papa Lukumani

Kisangani, Lubunga, tarehe 3 Februari 1974

Yaya Hubert,

Kaka yangu, nakusalimu kutoka rive gauche, ng'ambo ya kushoto ya mto, ambako mvua imekataa kunyesha na vumbi la stesheni linaingia mpaka kwenye chungu. Mama yangu Berthe anauliza kama huko seminari wanakupa samaki au wanakulisha vitabu tu. Mama yako Fatouma anauliza kama kikohozi kimekuacha. Binti yangu Agathe ameota meno na anang'ata kila anayempakata, hata directeur wa shule yetu alipokuja kutusalimia. Bahasha nimeiandika kwa jina lako la serikali. Humu ndani wewe ni Hubert kama zamani, maana mpaka nizoee hilo jingine utakuwa umeshakuwa askofu.

Sasa neno lenyewe. Baba yetu, Papa Lukumani, ameomba kubatizwa Pasaka hii.

Hata mimi nilimwomba alirudie. Alikuwa ameweka miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, kwa sababu siku hizi inavimba na viatu vya kazi havimwingii tena. Akasema polepole, kama mtu anayeulizia bei ya majani ya sombe: "Pélagie, miye naona safari inakaribia. Mwambie Abbé aniandike."

Unamjua Papa. Kila Jumamosi Kuu anapiga kasia mpaka katikati ya mto, mahali maji yanapotembea, kwa sababu ya ukingoni anasema yameshaoga na watu wote wa Lubunga. Anajaza pipa, analivuta kwa mkokoteni mpaka kanisani, anayachuja kwa kitambaa cheupe, anajaza beseni la ubatizo. Kisha anatoka na kwenda kukaa kwenye benchi la mlangoni pamoja na wakatekumeni wanaongoja ubatizo wao. Maji yaliyokubatiza wewe aliyaleta yeye. Yaliyonibatiza mimi, yeye. Watoto aliowaletea maji sasa wana watoto wao, na Papa bado yuko mlangoni.

Padri wetu, Abbé René, alikuja nyumbani. Ni mtu mwema, alizungumza kwa upole kabisa: "Papa Lukumani, kanisa inakupenda, lakini bibi iko mumoja. Yule wa pili, lazima muachane." Mama Fatouma ndiye aliyekuwa anammiminia chai. Hakumwaga hata tone. Papa alijibu, "Bon, nimesikia."

Wewe ndiye unayesomea mambo haya, kwa hiyo nakuuliza. Yale maji yanafanya nini hasa? Papa akifa bila kuyapata, anakwenda wapi? Yeye mwenyewe anafanya mzaha, anasema serikali imefuta majina ya ubatizo, kwa hiyo ataingia majini Lukumani na atatoka Lukumani, sasa faida iko wapi. Anacheka, lakini namwona anavyotazama mto.

Usinijibu kama kitabu.

Mdogo wako,
Pélagie


Kinshasa, tarehe 26 Februari 1974

Mdogo wangu mpendwa Pélagie,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya samaki wa kukaushwa, nadhani mbebaji aliiweka pamoja na mzigo wake. Huku tuko salama. Mitihani inakaribia, joto ni kali, na mwenzangu wa chumbani anakariri Kilatini akiwa usingizini. Namshukuru Mungu kwa meno ya Agathe.

Nimefikiri sana juu ya ombi la Papa, na nimelifurahia. Unauliza maji yanafanya nini. Ubatizo si jina, kwa hiyo serikali haiwezi kuufuta, na si kuoga mwili. Mtu anashuka majini pamoja na Kristo kama anayeshuka kaburini, na anapotoka, anatoka na uhai ambao hakuwa nao. Dhambi zake zimebaki huko chini. Bwana mwenyewe alimwambia Nikodemo kwamba mtu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho hawezi kuingia katika ufalme. Ndiyo maana kanisa haliuchezei. Ni mlango, na wokovu uko ndani ya nyumba.

Kwa sababu hiyohiyo Abbé René hana kosa. Anayebatizwa anaahidi maisha mapya, na hawezi kuahidi huku mkono mmoja umeshika ya zamani. Sheria ya ndoa iko wazi. Mke wa pili anaweza kuendelea kutunzwa, kupewa nyumba na chakula, bila kuwa mke. Wengi wamefanya hivyo.

Na ili usiogope kuhusu afya yake, ujue jambo hili. Mtu akiwa katika hatari ya kufa na padri hayupo, yeyote anaweza kumbatiza. Mwanamume au mwanamke, hata asiyebatizwa yeye mwenyewe, mradi amwagie maji, aseme maneno yale ya Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, na awe anataka kufanya kile ambacho kanisa linafanya.

Wasalimie wote wa nyumbani.

Wako katika Kristo,
Hubert


Kisangani, tarehe 24 Machi 1974

Yaya,

Mvua imeanza. Agathe anatembea kwa kushika ukuta. Salamu zimekwisha.

Barua yako niliisoma kwa sauti kama tunavyosoma zako zote, baada ya chakula, kila mtu akiwa kwenye mkeka. Nilipofika pale pa "mke wa pili" sikuweza kukatiza, nikaendelea mpaka mwisho. Mke wa pili ana jina, Yaya. Alikuwa amekaa karibu na taa, ameegemeza kidevu mkononi, anasikiliza barua ya mwanawe. Alikuwa amekuuliza habari ya kikohozi, nawe hukumjibu.

Kesho yake asubuhi tulikuta sombe imeshapikwa, dawa ya Papa imewekwa juu ya kifuniko, na mkeka wake wa kuswalia haupo. Alikuwa amepanda treni ya Ubundu kwenda kwa kaka zake. Mama Berthe ndiye pekee aliyemwona akitoka. Alimwambia, "Miye naacha njia. Apite." Mama Berthe alirudi jikoni akakaa, na siku ile hakuwasha moto.

Nilidhani Papa atalia, au atamshukuru Mungu kwa siri kwamba jambo limejimaliza lenyewe. Alichukua kisu, akapasua viatu vyake vya kazi pembeni ili miguu iingie, akaenda stesheni kuisubiri treni nyingine. Mguu ule uliovimba kama muhogo. Nilimwambia, "Papa, utafia njiani." Akasema, "Kama nakufa, nakufa njia ya kwenda kumukamata." Alirudi naye baada ya juma moja, wamekaa juu ya magunia ya mchele, yeye amelala usingizi, Mama Fatouma amemshika asianguke.

Abbé René alikuwa stesheni kupokea mizigo ya parokia. Aliwaona wakishuka. Uso wake ulikuwa wa huzuni kweli, siwezi kumsema vibaya. "Papa Lukumani," alisema, "ulikuwa umeshafika." Papa akamjibu, nami nilisimama hapohapo: "Abbé, nikipita kwa mulango ile, nafunga mutu inje. Mulango ya Mungu haiko vile."

Jina lake limeondolewa kwa Pasaka hii.

Sasa nitaandika kitu ambacho wewe hujawahi kukiandika, ingawa unakijua kuliko mimi. Papa yako mzazi alikuwa Asumani, kaka mkubwa wa Papa. Alipokufa kwenye reli, wewe ulikuwa bado unatambaa. Kaka za Mama Fatouma walikuja kumchukua mjane, na wewe ungebaki kuzungushwa kwa wajomba na mababa kama sufuria ya kuazima. Papa alikuwa ameshaoa, na alikuwa amebakiza Pasaka moja tu abatizwe. Alimchukua mama yako mbele ya watu wote. Mama Berthe ndiye aliyemtandikia kitanda. Na hapo ndipo Papa alipohamia benchi la mlangoni. Kama angeitii sheria mwaka ule, leo nani angekuwa anatuandikia habari za sheria kutoka seminari?

Hayo ndiyo niliyotaka kusema. Bado nakupenda.

Pélagie


Kisangani, tarehe 28 Aprili 1974

Yaya Hubert,

Meli imekuja na imeondoka bila barua yako. Labda umekasirika, labda una mitihani. Naandika tu.

Tuko salama kiasi. Mama Berthe ametushonea nguo za Pasaka za kitambaa kimoja, mimi, yeye na Mama Fatouma, tukawa kama kwaya iliyokosa nyimbo.

Nilidhani mwaka huu Papa hatapeleka maji. Nani angemlaumu? Jumamosi Kuu asubuhi nikamkuta ameshatoa pipa nje analisugua kwa mchanga. Hakuweza kupiga kasia, basi alikaa mbele ya mtumbwi na Mama Fatouma akapiga. Wakafika katikati, wakajaza, wakarudi. Mkokoteni tuliuvuta sisi wanawake watatu, na Papa alitembea nyuma akiwa ameweka mkono juu ya pipa. Kanisani aliyachuja mwenyewe. Hakukubali mtu amsaidie hapo. Siku ya Pasaka walibatizwa wengi, watoto na wazee, na kila mmoja alipotoka na kichwa kinachotiririka, Papa pale mlangoni alimpa mkono.

Nilimuuliza kama haimuumi. Akasema, "Inauma. Lakini mayi ni muzuri, eh?"

Yaya, mimi nimebatizwa tangu mtoto, napokea komunyo kila Jumapili, na sijawahi kuyapenda maji yale jinsi anavyoyapenda yeye kwa mbali. Namtazama mtu huyu nashangaa. Niandikie, hata mistari michache.

Pélagie


Kinshasa, tarehe 30 Juni 1974

Pélagie mdogo wangu,

Mitihani imekwisha, nimefaulu. Mimi mzima. Mwambie mama yangu kwamba kikohozi kimeniacha tangu Januari, na kwamba kilichonisaidia ni yale majani aliyonifungia kwenye leso. Mwambie kabla hujasoma mengine.

Sikukasirika. Nilianza barua hii mara nyingi na kila mara ilikuwa inageuka hotuba. Mwishowe niliipeleka habari ya Papa kwa profesa wetu mzee anayetufundisha sakramenti, mtu mkali ambaye hata kikohozi anakisahihisha. Aliniuliza, "Huyo mzee amekuwa mkatekumeni tangu lini?" Nikamwambia, tangu nilipokuwa natambaa. Akasema, "Basi ana masomo kukupita wewe." Akanifukuza kwa mkono, lakini jioni aliniita tukazungumza.

Niliyokuandikia Februari ni kweli, sikani hata neno. Lakini ni nusu. Nusu ya pili ni hii. Kanisa tangu mwanzo limekuwa na wakatekumeni waliokufa kabla ya siku yao, na halikuwalilia kama waliopotea. Linasema upo ubatizo wa tamaa. Yule anayemtafuta Mungu kwa moyo wake wote, anayetubu na kupenda, na kuyatamani maji bila kuyafikia, tamaa ile yenyewe inahesabiwa. Mwizi aliyesulubiwa pembeni ya Bwana hakuletewa beseni, na jioni ileile alikuwa peponi. Maji ni ahadi ambayo Mungu ametupa sisi tuishike. Hatukumfunga nayo yeye.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usimwogopee Papa. Mimi simwogopei tena. Bado nasema Abbé René analinda jambo la kweli, na najua linamuuma. Lakini nikifikiri juu ya yule mzee juu ya magunia ya mchele, naona alikuwa anafanya kile ambacho ubatizo unatuomba sote: kuyatoa maisha yako kwa ajili ya mwingine. Wengi tumepata maji kwanza, na hilo bado tunalitafuta. Yeye ameanza na hilo.

Nakumbuka siku yangu. Nilikuwa mvulana wa shule, maji yalikuwa baridi, na nilipoinua kichwa nilimwona Papa mlangoni. Uso wake ulikuwa umelowa kuliko wangu. Alivua shati akanifuta nalo kichwa, akarudi nyumbani na fulana mbele ya watu wote. Ninampenda mtu huyo, Pélagie. Sijui kwa nini sijawahi kumwandikia hivyo.

Msomee.

Hubert


Kisangani, tarehe 22 Septemba 1974

Yaya Hubert,

Leo salamu zitakuwa fupi. Agathe mzima, mama zetu wako pamoja. Telegramu imeshakufikia, unajua Papa ametutoka Alhamisi. Telegramu haisemi kitu, kwa hiyo nakusimulia.

Barua yako ya Juni nilimsomea mara nyingi mpaka ikachanika kwenye mkunjo. Alikuwa anataka pale pa shati tu. Tangu Agosti hakuinuka tena. Alhamisi mchana pumzi ilianza kumpungukia. Akasema, "Sasa Abbé aje." Mama Berthe akanisukuma, nikakimbia mpaka mtoni. Abbé René alikuwa ng'ambo, mjini, na bac, kivuko cha magari, ilikuwa upande ule ikipakia malori. Nilipompata na kuvuka naye, jua lilikuwa limeshaanza kushuka, na kutoka mbali niliwaona majirani wamekaa uani.

Walichonieleza ni hiki. Papa aliona hatutawahi. Aliwatazama wale wawili akasema, "Mayi." Mama Fatouma alikuwa ameteka maji ya mtoni asubuhi, yako ndani ya birika lake, lile analotawadhia kabla ya kuswali. Mama Berthe alilichukua. Akalishika juu ya kichwa cha Papa, kisha akampa Mama Fatouma. "Mikono yangu inatetemeka," alimwambia. "Mwaga wewe."

Yaya, unamjua mama yangu. Anatia uzi kwenye sindano kwa ajili ya mtaa mzima, bila miwani. Mikono yake haijawahi kutetemeka. Nilimuuliza baada ya mazishi, na alijibu bila kunitazama: "Alibakia kwa mulango sababu ya Fatouma. Ilifaa mayi itoke kwa mukono yake."

Mama Fatouma aliyajua maneno. Amesimama nje ya lile kanisa kila Pasaka akimsubiri mumewe, atakosaje kuyajua? Alimwaga mara tatu, akasema, "Lukumani, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mutakatifu." Papa akafumbua macho akauliza, "Jina ni gani?" Akamwambia, "Ni ile tu." Papa akacheka. Mama Berthe anaapa kwamba alicheka. Aliondoka muda mfupi baadaye, bado amelowa.

Abbé René alisimama mlangoni. Aliuliza maji gani, maneno gani, akaambiwa. Kisha akamuuliza Mama Fatouma, kwa heshima, alikuwa anataka kufanya nini. Akajibu, "Miye sijui mingi, Abbé. Nilitaka apate kile kanisa inapatiaka batu." Abbé akakaa chini kwenye kigoda. Baadaye alimzika kama Mkristo, na jeneza liliingia kanisani likapita lile benchi mpaka mbele. Nililia hapo kuliko kaburini.

Lakini sasa midomo imeanza. Wanawake wa parokia wanasema, ubatizo gani huo, wa Mwislamu, kwa birika la kuswalia. Abbé amewakemea lakini maneno yameshamfikia. Mama Fatouma hali chakula. Jana aliniuliza kama alimharibia Papa kitu alichokingojea maisha yake yote. Mimi nikimjibu anaona namfariji tu. Anasema, "Hubert ndiye anajua." Jibu upesi, Yaya. Tafuta mtu wa ndege akubebee.

Pélagie


Kinshasa, tarehe 6 Oktoba 1974

Pélagie, barua hii si yako. Isome kwa sauti baada ya chakula kama kawaida, na Mama Berthe awepo.

Mama yangu Fatouma,

Mwanao anakusalimia. Sijambo, nakula, sikohoi. Nimemlilia Papa kama mtoto mdogo na wenzangu wameimba misa kwa ajili yake, na profesa wetu mkali ndiye aliyeshika ubani.

Mama, hukuharibu kitu. Nakuambia kama mwanao na kama mtu anayesomea jambo hili. Ulimwaga maji, ulisema maneno, ulitaka apate kile ambacho kanisa linawapa watu. Basi alikipata chote, hakikupungua. Askofu angembatiza kwa beseni la fedha, Papa asingetoka amebatizwa zaidi. Anayebatiza ni Kristo, na siku ile alitumia mkono wako. Birika lako ni safi. Maji ni yaleyale ambayo Papa alituletea sisi sote. Mtu akikuuliza tena, mwambie aniandikie mimi.

Mimi najua kwamba hata kama usingemwaga, Mungu asingemwacha nje mtu aliyekataa kukuacha wewe nje. Lakini nafurahi kwamba ulimwaga. Alitamani maji, nawe ulimpa, kama ulivyompa chai na dawa.

Mama Berthe, nimeisikia habari ya mikono inayotetemeka. Ahsante, mama. Sitasema zaidi.

Kabla ya Pasaka nitapewa ushemasi, na Abbé René amenikubalia nibatize huko Lubunga. Pipa la Papa lisipewe mtu, nitalivuta mwenyewe. Sijambatiza mtu hata mmoja bado, na katika nyumba yetu wewe umenitangulia. Kwa hiyo nina ombi moja, mama, na ukikataa nitaelewa. Siku ile uniazime birika.

Mwanao,
Hubert